Mstari mmoja na sahihi pembeni

Jua la alasiri lilikuwa bado halijalegea, Ngamiani nzima imejificha vibarazani, mjomba akatokea na baiskeli yake ya Phoenix. Aliiegemeza kwenye mwarobaini, akafungua mpira uliobana kaunta buku kwenye keria, akaniwekea mapajani kabla sijamaliza shikamoo.

"Marahaba. Nichapie hii kwenye kompyuta. Na usinirekebishie Kiswahili."

Mjomba ni polisi mstaafu, stafu sajini. Ukimwita mzee anaitika, ukimwita afande anaitika haraka zaidi. Mwandiko wake haujabadilika tangu nipo shule ya msingi: herufi zimesimama wima, hazigusani, utadhani zimepangwa kwa fimbo paredini. Juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na neno moja, MHADHARA, limepigiwa mstari kwa rula. Chini yake, kurasa 11.

Neno hilo lilikuwa limeshazua taharuki nyumbani kwake. Hapa Tanga ukisema mihadhara, watu wa umri wa mkaza mjomba hawafikirii chuo kikuu. Wanaona uwanja wa wazi, meza, spika mbili zinazokwaruza, Kurani huku na Biblia kule, na watu wanarushiana aya mpaka magharibi. Mama wa watu aliposikia mumewe kaitwa kutoa mhadhara aliweka sufuria chini. "Uzee huu unakwenda kubishana na nani?"

Hakwenda kubishana na mtu. Wastaafu wachache wa hapa mjini, waliopita chuo kimoja cha polisi huko bara miaka ya sabini, wameanzisha desturi yao. Kila mwaka, Jumamosi moja, wanakodi ukumbi, na mtu mmoja anatoa mhadhara kumuenzi mkuu wa kwanza wa chuo kile, aliyekipokea kikiwa mabweni mawili na mahema. Marehemu sasa. Jina lake na la chuo nayaweka moyoni. Ana watoto, na mbele utaona kwa nini nimeona niwaulize kwanza, na walichoniruhusu ni kuandika bila jina.

Mwaka jana ndiyo ulikuwa wa kwanza, nami nilikuwepo, nyuma, karibu na feni pekee iliyokuwa ikizunguka. Barua ilisema saa 3. Mgeni rasmi akaingia saa 5 kasoro. Itifaki ikazingatiwa, tena ikazingatiwa kwa nusu saa nzima, maana kila aliyeshika maiki aliizingatia upya. Mhadhiri mwenyewe, mwanasheria mmoja mpole, alipopewa nafasi soda zilikuwa zimeshapata moto. Alisoma vizuri tu. Alianza na Robert Peel, Mwingereza aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829, akazitaja zile kanuni tisa zinazobeba jina lake, hasa ile isemayo kwamba polisi ni wananchi na wananchi ni polisi, kisha akamfananisha marehemu na Peel. Makofi.

Mimi ni mtu wa kuchokonoa. Nilipofika nyumbani nikasoma, nikakuta wanahistoria wameshasema zamani: hakuna karatasi ya Peel yenye kanuni hizo. Zimeandikwa katika karne ya 20, zikapangwa vizuri, halafu mzee wa watu akavikwa. Sio uongo wa kumfunga mtu jela, lakini umenifundisha jinsi waasisi wanavyotengenezwa. Mtu akishakufa tunampa hata maneno ambayo hakuyasema, ili mradi yanamkaa.

Basi mjomba ndiye wa mwaka wa pili.

Kwa sisi watu wa mwambao jambo lenyewe si geni, jina tu ndilo geni. Tuna hauli. Sheikh akifariki, kila mwaka siku yake inapofika wanafunzi wake wanakusanyika, kunasomwa Kurani, kunasomwa maulidi, anasimama mmoja anaeleza sheikh alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, nani alisoma kwake. Tena hilo la mwisho ndilo uti wa mgongo: nani alisoma kwake. Kisha pilau. Bagamoyo mpaka leo jina la Sheikh Ramiya, aliyefika pale mtumwa na akafariki 1931 akiwa kiongozi wa tarika ya Kadiria, linakusanya watu ambao hata babu zao hawakumwona. Vyuo vikuu navyo vina hauli zao, ila wao hawapiki pilau. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na 2009 walimleta mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria kuhadhiri.

Kwa hiyo polisi kumfanyia mkuu wao hauli ya makaratasi sikuona ajabu. Nilichoona ajabu ni kwamba hawajafanya siku zote. Tazama wengine: India walifungua chuo chao cha maofisa wa polisi kule Mount Abu mwezi Septemba 1948, mwaka mmoja tu tangu uhuru, 1974 kikapewa jina la Sardar Vallabhbhai Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, na mwaka uliofuata kikahamia Hyderabad. Lango kapewa waziri. Ndivyo ilivyo karibu kila nchi. Yule aliyeamka saa 10 usiku kuhesabu vijana kwenye umande, jina lake hubaki vinywani mwa hao vijana, nao wanakufa mmoja mmoja.

Na sisi wa Tanga tuna deni letu hapo. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilipoundwa rasmi mwezi Agosti 1919, makao makuu yake yalikuwa Lushoto. Lushoto hii hii ya matunda damu na kabichi, iliyokuwa Wilhelmstal ya Wajerumani. Makao yalikaa kule juu mpaka 1930 ndipo yakashushwa Dar es Salaam. Nimewauliza vijana 6 pale kijiweni kwetu, wawili wao Wasambaa wa Lushoto kabisa. Hakuna aliyejua. Mmoja akanijibu, "Ndiyo maana kule baridi."

Nikachapa kurasa 11 usiku ule.

Nitasema ukweli, zilikuwa sabuni tupu. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, shupavu, baba wa wote, hakubagua kabila, hakupokea hata yai. Ukurasa wa 7, mstari wa tatu kutoka juu: "Hakuwahi kumgusa kuruta hata kwa ukucha." Nilichapa yote kama nilivyoagizwa, bila kurekebisha hata nukta, nikamwachia ujumbe kwamba tayari.

Katikati ya sabuni hiyo lakini kulikuwa na kurasa 2 na nusu za kitu kingine kabisa, na mwandiko wenyewe pale ulibadilika, ukawa wa haraka, kama wa mtu anayejua anachosema. Zilihusu daftari.

Kila kuruta alipewa kijitabu cha mfukoni. Mkuu, licha ya cheo chake, somo hilo hakumwachia mkufunzi. Alilifundisha mwenyewe, chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Kabla ya yote, saa. Ukifika penye tukio unatazama saa, unaiandika, ndipo unafungua mdomo. Hapo ndipo vijana wa Kiswahili walipokwama. Raia anakwambia aliibiwa saa 8. Saa 8 ya raia ni alasiri, jua linawaka. Saa 8 ya polisi, 0800, ni asubuhi watu wanakwenda kazini. Kuruta mmoja kwenye zoezi aliandika 0800 kama alivyosikia. Mkuu akaigeuza platuni nzima mahakama, akamweka kuruta yule kizimbani, yeye mwenyewe akawa wakili wa mwizi. Kwa dakika chache mwizi akawa huru: asubuhi hiyo alikuwa kituo cha afya, ana kadi na mhuri. Saa 6 za tofauti, mwizi nyumbani. Mjomba anasema tangu siku ile hajawahi kuuliza saa bila kuuliza "ya mchana au ya usiku?", na ni kweli, hata ukimwalika chakula anakuuliza.

Unaandika kwa wino. Penseli ni ya fundi seremala. Huruki mstari, maana mstari mtupu ni mlango ulioachwa wazi, kesho yake mtu ataingiza neno. Huchani ukurasa, kurasa zina namba. Maneno ya mtu unayaandika kama alivyoyatamka. Kulikuwa na kijana katoka nyumba ya madrasa, hajawahi kutamka tusi, akaandika kwamba mtuhumiwa "alisema maneno yasiyofaa". Mkuu akamwuliza, yapi? Kijana jasho. Akasimamishwa pale ubaoni mpaka akaliandika tusi lote, herufi kwa herufi, la nguoni hasa, na mkuu akamsahihisha tahajia. Mjomba aliponisimulia hilo alicheka mpaka akashika kifua.

Na ukikosea? Hapo sasa. Hufuti. Hupaki wino juu. Unapiga mstari mmoja, mwembamba, katikati ya neno, ili lililokatwa liendelee kusomeka. Unaandika la sahihi mbele yake. Unatia sahihi yako fupi pembeni. Ukipaka wino ukafunika, hakimu ataamini ulichoficha ni kibaya kuliko kosa lenyewe.

Nilimwuliza kwa nini mkuu mzima wa chuo akeshe na kijitabu. Akanitazama kama raia.

Sababu ilikuwa ya sheria. Kwa Sheria ya Ushahidi ya 1967 ilivyokuwa mwanzo, mtu akiungama mbele ya polisi, ungamo lile halikuwa na kazi mahakamani. Sheria ilibadilishwa 1980. Kabla ya hapo ungeweza kumkalisha mtu usiku kucha mpaka akakubali kaiba mwezi angani, hakimu asingelitazama. Kwa hiyo, alivyowaambia mkuu, mdomo wa mtuhumiwa usikusumbue. Kitakachokusaidia ni macho yako na daftari lako. Polisi asiyejua kuandika ndiye anayepiga, alisema, kwa sababu hana kingine cha kupeleka mbele.

Halafu ikaja Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Namba 9 ya 1985. Mjomba alikuwa koplo wakati huo. Sheria ile inampa polisi saa 4 za msingi za kumhoji aliyekamatwa, zaidi ya hapo ziongezwe kwa utaratibu. Inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Wanasheria wana vitabu vizito juu ya hayo. Mjomba ana swali moja tu: saa 4 zinaanza kuhesabiwa wapi? Zinaanza kwenye daftari la yule konstebo aliyekushika. Akiandika saa ya uongo, au akiiacha wazi aje aijaze akishakunywa chai, sheria yote iliyobaki ni mapambo. Mwaka 2023, Rais Samia alipounda ile tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai ripoti ikakabidhiwa, mjomba aliinunulia magazeti siku tatu mfululizo. Akanipigia simu. "Wamesema mengi mazuri. Ila mimi nilikuwa natafuta daftari."

Sikumwelewa vizuri siku ile. Ingawa habari yenyewe ilishanipata mwilini miaka kadhaa kabla, kituo kimoja ambacho nacho sikitaji, nilipokwenda kuripoti simu niliyokwapuliwa stendi. Kijana wa kaunta alinisikiliza vizuri, kwa heshima kabisa, akinitazama usoni muda wote. Hakuandika neno. Nilipomaliza akachukua peni na kuniuliza, "Ulisema saa ngapi vile?" Nikamtajia nyingine, nikiwa sina uhakika tena. Akaandika hiyo.

Sasa hili la depo. Polisi wakitajana husema "huyu depo moja na mimi", yaani walipata mafunzo pamoja. Neno ni la Kiingereza na lina safari yake. Kuanzia 1907 Waingereza walitaka maofisa wa polisi wa makoloni wapitie kwanza Dublin, katika depo ya Royal Irish Constabulary, ndani ya Phoenix Park. Hawakuwapeleka kwa polisi wa London waliotembea na kirungu wakisalimiana na wauza maziwa. Waliwapeleka kwa polisi wa Ireland, waliokaa kambini, wenye bunduki, waliowekwa kuwalinda watawala dhidi ya wenyeji. 1922 Ireland ilipojitenga kikosi kile kikavunjwa, na mafunzo yakahamia Newtownards, upande wa kaskazini. Mfumo uliotufikia sisi ndio huo: kwata, kota, lindo, bunduki, na raia upande wa pili wa ukuta. Elangwa Shaidi alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali, 1964, alikabidhiwa jeshi lenye mifupa hiyo.

Nilimwambia mjomba kwamba depo ile ya Dublin na baiskeli yake vina jina moja, Phoenix. Akaitazama baiskeli kwa muda.

"Hii ya Mchina," akasema.

Nadhani, na hapa ni mimi ninayesema si yeye, ugumu wa mkuu wa kwanza wa chuo kama kile ulikuwa huo. Amerithi kwata ya kutisha wenyeji, naye anatakiwa atoe vijana wa kuwahudumia wenyeji, ambao ni mama zao. Kwata hawezi kuitupa; ndiyo anayoijua. Basi anaingiza kitu kidogo pembeni, kijitabu cha mfukoni, anakisimamia kuliko bunduki. Huo ndio mhadhara niliotaka kuusikia. Ucha Mungu wake tumwachie Mungu.

Sikumwambia. Nani amwambie mjomba wake hivyo? Nilimrudishia karatasi zake safi, akashukuru, akaenda.

Siku ya nne akarudi, safari hii asubuhi, hata kahawa ya mtaa haijachemka. Hakukaa.

"Fungua ukurasa wa 7."

Nikafungua.

"Hapo penye ukucha. Si kweli."

Nikasogeza kidole kwenye kitufe cha kufuta. Akanishika mkono, kwa nguvu za kazini.

"Nani kakwambia ufute?"

Nikamwonyesha kwamba kompyuta inaweza kupiga mstari juu ya maneno na yakabaki yanasomeka. Nikapiga. Hakuwahi kumgusa kuruta hata kwa ukucha, mstari katikati, maneno yapo. Alisogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Alifurahi kama mtoto. "Kumbe na hii imepita depo!" Kisha akanyamaza, akaanza kunisomea cha kuandika mbele yake, polepole, kama anatoa maelezo kituoni.

Alinipiga kofi moja, mbele ya platuni, asubuhi baada ya paredi. Katika ukaguzi kijitabu changu kilikutwa kimechanwa ukurasa. Sikuchana mimi. Aliyechana alijulikana baada ya siku 9. Mkuu hakuniomba radhi. Wiki iliyofuata aliniita ofisini, akanipa kijitabu kipya, hakusema neno, nikapiga saluti, nikatoka.

Nikamwuliza, kile kijitabu si ndiyo radhi yenyewe? Akasema miaka yote amekuwa akijiambia hivyo. Mkaza mjomba, ambaye kisa hiki alikisikia wiki hiyo kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka 41, anasema kijitabu ni kijitabu.

Kutoka hapo akaamka. Kila baada ya siku mbili akaja na mstari mwingine wa kukata. "Hakubagua" ikakatwa, kulikuwa na kabila moja alilowapa lindo la usiku zaidi, kwa sababu za kijinga za enzi zile. "Hakupokea hata yai" ikabaki, ila mbele yake akaongeza: "kwa ninavyojua". Mara mbili alikata, kisha akakata alichoandika badala yake, akarudisha cha kwanza, ukurasa ukawa kama kiraka cha jahazi. Jumla mistari 9.

Ustadhi wetu wa barazani, mtu wa kashata mbili na kauli fupi, alipopata habari alimkanya. Tumeambiwa tutaje mema ya wafu wetu, alisema. Aliyekwenda hasemwi. Mjomba akanywa kahawa yake. Wazee wawili wakaunga mkono, maana kwetu marehemu akishatiwa sanda basi deni lake la maneno limefutwa. Mimi nikachomeka mdomo, jambo ambalo hapo barazani huruhusiwa ukishalipia kahawa: wale wanazuoni wa hadithi za Mtume, mbona waliandika wapokezi mmoja mmoja, huyu mkweli, huyu kumbukumbu yake dhaifu, huyu muongo, na wote walikuwa wameshakufa? Ustadhi akanitazama kwa jicho la kwamba nani kamfundisha huyu. Akasema ile ni elimu, dini ilikuwa hatarini, walihitaji kujua neno lipi lishikwe. Mjomba akaweka kikombe.

"Na hii ni elimu," akasema.

Ustadhi hakukubali, wala hakukataa. Aliagiza kashata ya tatu.

Ijumaa tukapeleka steshenari kuchapisha. Binti wa pale, mwepesi wa mikono, akafungua faili, akakunja uso. "Baba, hii bado ina makosa. Nikusafishie? Dakika mbili tu." Mjomba akamwambia makosa ndiyo hayo, mwanangu, usiyaguse. Karatasi zilipotoka akaegemea friji la soda, akatoa peni ya wino, akazipitia moja moja, na penye kila mstari akatia sahihi yake fupi pembeni. Mara 9. Watu watatu nyuma yetu wakisubiri kutoa kopi za vitambulisho.

Jumamosi ukumbi ulijaa nusu. Itifaki ilizingatiwa kwa dakika 20 tu, maendeleo hayo. Mstari wa mbele alikaa binti mkubwa wa marehemu, mama mtu mzima wa kiasi cha miaka 60, mtandio wa kijani, mkoba juu ya magoti. Sikujua kama angekuja. Mjomba naye hakujua, nilimwona alivyomwona.

Alisimama wima, hakushika meza. Alisoma kama anavyoandika. Alipofika kwenye daftari wastaafu wakaanza kuchangamka, mmoja akatamka lile tusi la ubaoni kwa sauti, kicheko kikapanda mpaka nje. Kisha ukurasa wa 7. Nilidhani ataruka alichokata na kusoma alichobadilisha. Hakuruka. "Nimeandika: hakuwahi kumgusa kuruta hata kwa ukucha. Nimekata. Nimetia sahihi." Akapumua. Akasoma la kofi, mpaka saluti.

Hakuna aliyekohoa. Mgeni rasmi akaangalia simu yake. Mjomba akaendelea, akaisoma mistari yote 9, akamaliza, akakaa. Makofi yalikuja yamechelewa, kama mvua ya Tanga, matone kwanza.

Wakati wa soda na sambusa yule mama akaja moja kwa moja. Mjomba akasimama haraka hadi kiti kikaanguka. Mimi nikainama kukiinua, ndiyo maana nilisikia.

"Kofi moja tu, baba?" alimwambia, taratibu, akitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Sisi nyumbani hatukuhesabu."

Mjomba akabaki kamtazama. Kisha mkono ukaenda mfukoni, wenyewe, bila yeye. Akatoa kijitabu kidogo cha jalada jeusi, na peni.

"Niandike?"

Yule mama akatazama karatasi zile mezani, zenye mistari na sahihi pembeni. Akavuta kiti kile nilichokiinua, akakaa, akaweka mkoba chini.

Mjomba akageuza mkono wake wa kushoto, akatazama saa, akaandika.